Kibodi ya vipande viwili yenye taa, kutoka kwenye kibodi mbovu

Chukua sentensi hii: Watanzania wanapaswa kuwasaidia wakulima. Ina herufi 37, na 13 kati yake ni A. Sasa tazama A ilipo kwenye kibodi: chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kinyonge kuliko vyote kumi. Na ni hichohicho kinachotumwa kushika Shift, Ctrl na Tab. Anayechapa Kiingereza hamtesi huyu mdogo wa mwisho kama sisi tunavyomtesa.

Nachapa Kiswahili kwa riziki tangu 1996, kwanza kwa taipureta ofisini, sasa kwa kompyuta kwenye steshenari yangu Changanyikeni, Dar es Salaam, ambako wanafunzi huniletea tasnifu zilizoandikwa kwa mkono, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Mwaka juzi kidole hicho kilianza kuwaka moto hadi kwenye kifundo cha mkono. Daktari aliniambia nipumzike wiki mbili, akanionyesha na mazoezi ya kunyoosha. Mapumziko yaliisha, tasnifu hazikuisha. Ndipo nikaamua kujiundia kibodi iliyokatwa katikati, kila mkono na upande wake, ili viganja visipinde kwenda nje, na kazi za pembeni zihamie kwenye vidole gumba ambavyo kwenye kibodi ya kawaida havina kazi ila nafasi.

Za kununua zipo, lakini za maana zinakwenda dola mia tatu na zaidi kabla hujalipa usafiri na ushuru. Yangu ilinigharimu shilingi 111,000, na pasi ya kuchomea risasi niliazima. Kibodi si dawa, ukiumwa nenda hospitali. Haya ni maelezo ya kuunda tu.

Anza na maiti

Kitu ghali kwenye kibodi ni swichi, kofia za vitufe na taa. Vyote vitatu vinapatikana kwenye kibodi ya mekanika iliyokufa, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake kamili. Wachezaji wa gemu huzimwagia soda, bodi inaungua, swichi zinabaki nzima. Nilizunguka mitaa ya nyuma ya Msimbazi nikiuliza moja tu: "Una kibodi mbovu ya gemu, ile inayowaka taa?" Wa tatu alikuwa nayo, ya vitufe 87, taa nyekundu, kwa 25,000.

Kabla ya kulipa, bonyeza vitufe kadhaa. Ukisikia tik tik kali kama kalamu ya kubonyeza, hizo ni swichi za bluu. Mimi nilizikataa kwenye duka la kwanza kwa sababu nachapa usiku sebuleni, na mjukuu wangu amelala kwenye godoro mita mbili kutoka mezani. Ndiyo sababu ya taa pia: balbu inazimwa, kibodi inajimulika yenyewe. Mchapaji aliyefunzwa haangalii herufi, sawa, lakini hakuna aliyewahi kunifunza alama ya asilimia iko wapi gizani. Chukua swichi za kahawia au nyekundu. Ng'oa kofia moja uone chini yake: swichi ikiwa na umbo la msalaba juu, na kitaa kikichungulia upande wa mbali nawe, hiyo inafaa. Kama ni utando wa mpira mlaini, rudisha, hiyo si mekanika.

Kuzichomoa ni kazi ya subira. Kila kitufe kina miguu minne ya kufungua, miwili ya swichi na miwili ya taa. Nilihitaji vitufe 56, kwa hiyo sehemu 224. Siri ambayo ingeniokolea jioni nzima kama ningeijua: risasi ya kiwandani huwa ngumu kuyeyuka, basi kabla ya kuifyonza iongezee risasi mpya kidogo. Inalainika mara moja na bomba la kufyonzea linaivuta yote. Ukishafungua miguu yote minne ya kitufe, bodi inakiachia, halafu unabana masikio ya swichi, vile vishikizo vya pembeni, kwa juu, inatoka. Zile zilizonata soda nilizisafisha kwa spiriti ya duka la dawa, nikibonyeza mara hamsini hamsini huku nikitazama taarifa ya habari.

Mkono wako kwenye boksi

Usikate chochote kabla ya hatua hii, hata kama una haraka. Mistari ya vitufe kwenye kibodi ya kawaida imekaa mshazari kwa sababu moja tu: kwenye taipureta kila kitufe kilikuwa na mkono wake wa chuma chini, na mikono hiyo ilihitaji kupishana. Niliwahi kuisafisha ile mikono kwa mswaki kila Ijumaa, kwa hiyo naijua. Kompyuta haina mikono ya chuma. Hakuna sababu ya vidole kwenda mshazari. Vinyooke juu na chini, kila kidole na safu yake ya wima.

Chukua boksi la karatasi za A4. Weka mkono juu yake ukiwa umelegea kabisa, kama umemwekea mtoto kichwani, halafu weka nukta kila ncha ya kidole inapogusa. Utaona hazilingani. Cha kati kiko mbele, cha pete nyuma yake kidogo, cha mwisho kiko nyuma sana. Changu kilikuwa nyuma ya cha kati kwa milimita 22. Kila nukta ndiyo katikati ya kitufe cha mstari wa nyumbani, ule wa A S D F. Kutoka hapo panga vitufe vingine juu na chini kwa milimita 19 kati ya kitovu na kitovu, hicho ndicho kipimo cha kawaida. Yangu ina safu sita za wima zenye vitufe vinne vinne, na vinne vya kidole gumba: 28 kila upande.

Kata matundu ya sentimita 1.4 kwa wembe, chomeka swichi, vaa kofia, na ukae nayo siku mbili. Huioni ikifanya kitu kwenye kompyuta, lakini vidole vinachapa. Siku ya kwanza niligundua vitufe vyangu vya gumba viko mbali mno, nilikuwa nanyoosha kidole kama naomba lifti. Nikavisogeza ndani. Kumbuka pia kwamba kofia za Ctrl na Alt, ambazo ndizo nzuri kwa gumba, ni pana mara moja na robo, kwa hiyo zinataka milimita 24 kati yao. Kibodi yenye vitufe 87 kwa kawaida ina saba za namna hiyo. Nilihitaji nane. Ya nane ni Esc, na mpaka leo imekaa pale kama jino la dhahabu.

Bamba lenyewe, lile la kushikia swichi, nilikatiwa na wachonga mihuri na mabango. Wana mashine za laser, na wana plastiki ya mabango ya milimita 3. Bamba halisi linatakiwa milimita 1.5 ili masikio ya swichi yanase. Kwenye milimita 3 hayanasi, ila swichi inakaa kwa kubanwa, na tone la gundi ya moto kwenye kona linamaliza ubishi. Omba wakate tundu moja la majaribio kwanza, kwa sababu moto wa laser hula ukingo kidogo. Langu la 14 kamili lilicheza, tukashuka hadi 13.9. Mabamba manne, mawili ya juu na mawili ya chini, pamoja na skrubu ndefu, 20,000.

Nyaya

Bodi ndogo ninayotumia inaitwa Pro Micro, moja kila upande. Ina kichakataji cha ATmega32U4 na pini 18 za kutumia. Huwezi kuipa kila kitufe pini yake, vitufe ni 28. Kwa hiyo unapanga kama viti vya ukumbi: mistari mitano ya kulala, safu sita za wima, pini 11 tu, na bodi inauliza haraka haraka, "mstari wa pili, safu ya nne, kuna mtu?" Nunua ya volti 5, siyo ya 3.3. Mbili zilinila 40,000, ndicho kitu ghali kuliko vyote hapa. Ile tundu ya USB iliyo juu yake hung'oka kirahisi, izungushie gundi ya moto siku hiyohiyo unayoinunua.

Kila swichi inataka dayodi moja, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4148, shilingi mia moja moja. Bila dayodi, ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye kona za mraba, cha nne kinajiandika chenyewe. Dayodi ina mkanda mweusi upande mmoja. Mguu usio na mkanda unauzungushia mguu wa swichi. Mguu wa mkanda unaulaza kuelekea jirani yake, na mikia yote ya mstari mmoja inachomewa pamoja. Hapo umepata mstari bila waya hata mmoja. Mguu wa pili wa swichi unaungwa kwa waya kwenda juu na chini, ndiyo safu.

Waya usinunue wa rangi moja. Nunua mita mbili za kebo ya netiweki, ile ya intaneti ya ofisini, uichune: ndani kuna nyaya nane za shaba, kila moja na rangi yake. Safu ya kwanza bluu, ya pili bluu-nyeupe, na kuendelea. Chuna ganda kila sentimita mbili tu pale panapogusa mguu, pengine paache na nguo yake, maana safu inapita juu ya mstari na zikigusana umeharibu.

Na hapa usiteleze nilipoteleza mimi. Unachomea ukiwa umegeuza bamba, kwa hiyo kushoto ni kulia. Nilijua hivyo, nilijiambia hivyo, na bado upande wa kushoto niliunga kinyume. Siku ya kujaribu nikabonyeza Q, ikatoka R. Nilikaribia kuibomoa yote. Haikuwa lazima: kwenye programu unaandika orodha ya pini za safu, ukiigeuza orodha kichwa chini, kila herufi inarudi mahali pake. Upande wa kulia nilibandika karatasi ya gundi nyuma na kuandika namba kabla ya kushika pasi.

Taa

Hapa ndipo wengi wanaharibu, nami nikiwemo.

Kwanza, mwelekeo. Swichi ikae na tundu la taa upande wa mbali nawe, kwa sababu herufi inayopitisha mwanga kwenye kofia nayo iko juu. Ukiigeuza, herufi inabaki giza na mezani panawaka. Pili, miguu. Taa mpya ina mguu mrefu ambao ni chanya, lakini hizi za kuvuna zimeshakatwa, zote fupi. Weka mita kwenye alama ya dayodi na uguse: ikiwaka kidogo, waya mwekundu uko kwenye chanya. Weka nukta ya kalamu.

Taa nyekundu inakula takriban volti 2. USB inaleta 5. Zinazobaki 3 lazima zizuiwe na resista. Kwa ubahili wangu nilifikiri resista moja nene itatosha upande mzima, nikaunga taa zote 28 nyuma yake. Ziliwaka, lakini F iling'aa kama taa ya bodaboda na zile za pembeni zilikuwa kaa la kufa. Jirani yangu ni fundi simu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Nikampelekea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nitazamie hii, mwanangu, mbona hazilingani?"

Aliigeuza mara moja tu akacheka. "Mama, umewapakulia wote sinia moja. Mwenye mkono mrefu anakula, wengine wanaangalia. Kila mtu mpe sahani yake."

Sahani ndiyo resista. Kila taa na resista yake ya omu 1,000. Volti 3 kwa omu 1,000 ni miliampia 3. Mara 28 ni 84 kwa upande, 168 kwa kibodi nzima. Mlango wa USB wa kawaida unaruhusu 500, kwa hiyo uko salama, na laptop inayotembea kwa betri umeme ukikatika haishtuki. Taa zako zikiwa nyeupe au bluu zinakula karibu volti 3, basi hesabu upya: zinabaki 2, yaani miliampia 2 kwa resista ileile.

Lakini usiunge taa hizo moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Pini ya ATmega32U4 mwisho wake kabisa ni miliampia 40, ukiidai 84 unaiua. Weka transista katikati, 2N2222, shilingi mia tano, moja kila upande. Miguu yote chanya ya taa inakwenda VCC, pini ya umeme chanya wa volti 5. Miguu hasi, kila mmoja kupitia resista yake, inakutana kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye kolekta ya transista, ambayo ina miguu mitatu: kolekta, emita na besi. Emita inakwenda GND, yaani hasi. Besi inapokea resista nyingine ya 1,000 kutoka pini iliyoandikwa 9. Pini inatoa tone tu la umeme, transista ndiyo inayofungua bomba. Angalizo: mpangilio wa miguu ya 2N2222 haufanani kwa watengenezaji wote, usiige picha, pima.

Kwa nini pini 9? Kwa sababu ni moja ya chache zinazoweza kuwasha na kuzima kwa kasi kubwa zenyewe, na huko ndiko kupunguza mwanga kunakotoka. Mimi natumia ngazi ya kwanza kati ya tano. Nyekundu ya ngazi ya kwanza haimwamshi mtoto wala hainichomi macho saa nane usiku. Zile za rangi zote zinazocheza kama harusi sizitaki, na zikiwaka nyeupe kamili kila moja inaweza kula hadi miliampia 60. Zidisha mara 56 uone.

Kuunganisha pande mbili

Pande mbili zinahitaji nyaya tatu tu: VCC, GND na moja ya mazungumzo, niliyoiweka kwenye pini ya RX. Waya wa aux wa redio ya gari una nyaya tatu kamili, na tundu zake ni rahisi. Sharti moja: usiuchomeke wala kuuchomoa wakati USB iko kwenye kompyuta. Ncha inapoteleza ndani inagusanisha VCC na GND njiani. Chomoa USB kwanza, kila mara.

Programu inayokaa ndani ya bodi na kuiendesha kibodi ni QMK, ya bure. Ukishaiweka kwenye kompyuta, amri ya `qmk new-keyboard` inakutengenezea folda, na ndani yake faili la `keyboard.json` ndipo unapoandika pini zako. Usiandike namba zilizochapwa kwenye bodi, QMK inatumia majina ya kichakataji: 9 ni B5, RX ni D2, A0 ni F7. Mwelekeo wa dayodi andika `COL2ROW`. Washa `split` na `backlight`. Kuingiza programu, gusanisha RST (pini ya kuiwasha bodi upya) na GND mara mbili haraka kwa kipande cha waya. Una sekunde kama nane. Fanya hivyo kwa kila upande, faili lilelile, na baadaye USB ikae upande wa kushoto, maana QMK ndivyo inavyodhani usipoiambia vingine.

Ni hapa unapomwokoa kidole cha mwisho. Shift, Ctrl, kufuta na Enter nimezihamishia kwenye gumba. F1 hadi F12 zimejificha kwenye tabaka la pili, nashikilia ile Esc na namba zinageuka. Nilijaribu pia kuihamishia A yenyewe kwenye gumba, nikidhani nimemaliza tatizo kwa shoka moja. Siku ya tatu nilimkabidhi mteja ukurasa wa shukrani ulioanza "Nmshukuru Mungu". Nikairudisha. A iko palepale, ila sasa kidole hakiinyooshei, safu yake imeshuka kukifuata, na hakina kazi nyingine pembeni.

Miguu ya chini nimekata kwenye soli ya kandambili zilizokwisha, upande wa ndani vipande viwili vilivyopandana, wa nje kimoja, ili kiganja kiinuke kidogo kama kinasalimia. Haitelezi hata kwenye kioo.

Wiki ya kwanza kasi yangu ilishuka nusu. Ya tatu ilirudi. Waliofunzwa kuchapa hawapati shida sana, kwa sababu tulifundishwa B ni ya mkono wa kushoto. Wengine huchapa walivyojizoesha, na hawajui mpaka wakalie kiti changu. Juzi mwanafunzi aliomba arekebishe jina lake mwenyewe kwenye jalada. Akachapa herufi mbili, akasimama, vidole vikitafuta upande wa kulia wote, juu, chini.

"Mama, B imeenda wapi?"

"Iko kushoto, mwanangu. Chini ya mkono wako mwingine."